Polepole Mpaka Kinuni

Fundi wangu, Papa Zaina,

Pikapu inaunguza oili.

Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Ningeanza na salamu ndefu ungenikatiza, useme Riziki, niambie kwanza gari lina nini, mambo ya afya tutaulizana wakati wa kunawa mikono. Basi gari njo hilo, lilikuwa linaunguza oili miezi yote hii, na mi nimechoka. Si uchovu wa kazi, ule ambao mtu akilala unaisha. Huu ninaamka nao.

Naandika hapa gerejini, nimekaa kwenye ile tairi yako, kalamu inateleza kwa sababu ya grisi. Miwani yako Mama Zaina ameifungia kabatini, kwa hiyo huko uliko tafuta mtu akusomee. Chagua mtu wa Kindu, asije akakusomea mtu wa Uvira ukaanza kugombana naye juu ya matamshi.

Habari za nyumbani kwako ni hizi. Zaina ameondoka. Jina lake lilitoka kwenye orodha ya wakimbizi wa kuhamishwa, wakampeleka ng'ambo na watoto wake, na akipiga simu analalamika baridi na kwamba majani ya sombe ya huko yanauzwa yameganda kama jiwe. Mama yake anacheka naye kwenye simu. Simu ikikatika anakaa nayo mkononi muda mrefu. Ng'ombe hatuna, shamba hatuna, tuko palepale kambini Dzaleka ulipotuacha, tunangojea majina.

Gereji ipo. Wateja wanakuja wakichungulia. Mtu anasimama pale mlangoni, ananiona na ovaroli na kitambaa kichwani, anauliza, "Fundi iko wapi?" Namwambia fundi ni mimi. Anatabasamu kama nimemtania, anasema zikomo, asante yao ya Kichewa, anaondoka na gari lake bovu. Wamebaki wale wa zamani tu, waliokuona ukinikabidhi spana mbele yao na kwenda kunywa chai yako pembeni bila kugeuka. Hao hata nikikosea wananisubiri nirekebishe. Nakushukuru kwa chai ile, sikuwahi kukwambia.

Sasa pikapu.

Unakumbuka tulikoitoa, lakini nitasema tena, kwa sababu nikisema napata nguvu kidogo. Kabla yake maiti wa kambi hii walikuwa wanakodishiwa matola, zile pikapu za kubeba abiria na mahindi, na dereva akikataa, basi. Uliona siku moja mtoto wa jirani anapelekwa makaburini kwa kabaza, amefungwa nyuma ya baiskeli na kitenge cha mama yake, na baba yake anakimbia pembeni ameshika kile kifurushi kisianguke. Siku ile hukula. Ukaenda Lilongwe, ukazunguka, na kule Area 49 ukaikuta pikapu ya zamani imelala uani kwa mtu, kuku wanatagia kwenye injini. Tuliivuta mpaka hapa. Tuliifungua yote. Mi nilikuwa bado sijui kutofautisha pampu ya maji na pampu ya dizeli, na we hukunicheka mbele ya watu, ulingoja tufike kwa Mama Zaina.

Ilipowaka hukuiita yako. Uliwaita Waislamu na Wakristo, mkaunda kamati, ukasema gari hili ni la maiti na wagonjwa, la kila mtu. Mpaka leo njo hivyo. Anayejifungua vibaya anapanda hilo, anayezikwa anapanda hilo.

Na jinsi ulivyokuwa unaendesha! Maiti yuko nyuma, waombolezaji wameshika mbao kwa mikono miwili, na we gia ya tatu, vumbi mpaka mbinguni. Watu wa kwaya ya Fizi walikununia. Walikwambia haraka haraka haina baraka, ukawajibu kwamba baraka ya maiti ni kufika. Kwa dini yetu maiti hacheleweshwi, ukasema, na gari hili si la maandamano. Wakakuita shofere wa kuzimu. Ulilipenda jina hilo, usikatae.

Siku yako ilikuwa tofauti. Ilikuwa mwanzo wa baridi. Kifua kilikubana, tukakupeleka hospitali Lilongwe, na aliyekurudisha ni Bahati, yule kijana wa Fizi uliyemfundisha kuendesha, akikubeba kwenye pikapu yako mwenyewe. Wanaume wakakuosha, tukakuswalia baada ya adhuhuri. Unajua desturi yetu: wanawake tunasindikiza mpaka pale njia panda, kwenye kinu cha kusaga mahindi, tunarudi. Kutoka kinuni ni wanaume na maiti. Akina mama walimwambia Mama Zaina abaki ndani kabisa, eda imeshaanza. Akasema eda itamkuta njiani. Akatoka na mtandio wake mweupe, akaweka mkono kwenye bodi ya pikapu karibu na mlango wa dereva, akasema, na kila mtu alisikia:

"Bahati, enda polepole. Niache nitembee na ye."

Bahati akaweka gia ya kwanza. Pikapu ikaenda kwa mwendo wa miguu ya mwanamke mzee. Hata wale wa kwaya, Wakristo, waliokuja kukuzika, walikuwa wanalia. Tulitembea hivyo mpaka kinuni, mi nimemshika bega. Pale tukasimama, pikapu ikaenda. Sikuangalia ilivyoenda. Nilikuwa nafuta machozi kwa mkono uliokuwa na oili, uso wote ukawa mweusi, na mtu akanipa kitambaa.

Baada yako tukazika wengine. Kambi haikosi msiba. Mazishi ya kwanza baada ya yako, pikapu ilirudi na harufu kidogo, nikasema labda pua yangu ina majonzi. Lakini baridi ilipoisha na jua likaanza kuchoma, harufu ikazidi. Kila wakitoka kuzika nafungua boneti. Navuta kijiti cha oili, naweka tone kiganjani, nasugua kwa kidole gumba kama ulivyonifundisha. Ulisema nisiamini rangi, oili ya injini ya dizeli inageuka nyeusi hata kama umeibadilisha juzi. Niamini kidole na pua. Kidole kiliniambia oili imekuwa nyepesi, haina tena utelezi wake. Pua iliniambia karanga zilizosahauliwa motoni. Na gari likisimama huku injini inanguruma, taa ya oili kwenye dashibodi ilikuwa inawaka na kuzimika, na kule juu valvu zinagonga kama cherehani ya fundi nguo. Mshale wa joto unajua ulikufa zamani, we ulisema pua inatosha.

Nikaanza kutafuta. Maji yalikuwepo. Oili haikuwa na weupe wa maziwa, kwa hiyo gasketi haijapasuka na maji hayaingii. Nilifungua rejeta nikaiosha mpaka maji yakatoka masafi. Mkanda wa feni niliukaza. Hata yale majani wanayofunga mbele ya gari kuonyesha kuna msiba niliyatoa, nikawaambia wafunge kwenye kioo cha pembeni, yasizibe hewa. Haikusaidia.

Nikasema basi, ni oili yenyewe. Mimi na Bahati tukaenda Mchesi kwa yule muuzaji wetu, nikamgombeza kwamba ametuuzia oili iliyochakachuliwa. Mzee wa watu akaapa kwa mama yake. Tukanunua kwingine, dumu lenye muhuri, nikabadilisha oili na filta. Kamati ikanikubalia tujaribu safari ya mbali, pikapu ikaenda Nathenje kuleta mahindi. Ilirudi imejaa magunia mpaka springi zimelala, katika jua lile la Oktoba. Nikapima. Oili safi, nzito, inanukia upya. Alhamdulillah, nikasema, nimeweza, na siku hiyo nilikula vizuri.

Juma lile lile tukamzika mama mmoja wa Kirundi, hapo tu makaburini. Pikapu ikarudi inanuka karanga.

Fundi, hebu niambie, gari gani linaenda Nathenje na mzigo wa magunia halichemki, likienda hapo nyuma ya kilima na maiti mmoja linaungua? Hapo njo maneno yalipoanza. Walisema gari linamlilia mwenyewe. Wengine wakasema Fundi hataki Bahati ashike usukani wake. Mchungaji akaja kuombea boneti, sikumkataza. Shehe akaja kusoma, naye sikumkataza. Wote wawili walipomaliza mi nikabaki na kijiti mkononi, oili ni ile ile.

Nikwambie ukweli, kuna siku nilisimama mbele ya boneti nikakutukana. Nilisema kama ni we unafanya haya, acha, mi sina baba mwingine wa kumuuliza. Halafu nikaogopa, nikaomba msamaha, nikaenda kufunga filta.

Familia zikaanza kukataa. Ukifiwa na mtu, unataka aende kwenye gari ambalo watu wanasema lina roho ya mtu mwingine? Wakarudi kutafuta matola. Mwenyekiti wa kamati, yule mzee wa Uvira uliyekuwa unamfunga kwenye dama kila Jumapili, akaja kukaa hapa kwenye benchi, akavua kofia. Akasema kuna mtu Mchesi anaitaka pikapu aichinje, auze vipuri. Hakuwa na furaha nayo. Alisema, "Riziki, moteri ikikufia njiani na maiti iko juu, tutaweka sura wapi?" Akanipa mazishi yajayo. Nikishindwa, inauzwa.

Nilikaa nikafikiria kabaza. Nikafikiria pia watu watakavyosema: Fundi alimwachia yule mwanamke kitu kimoja, nacho amekiua. Maji yalikuwa yamenifika shingoni.

Halafu nikakumbuka ulivyokuwa unampokea mwenye gari bovu. Hukufungua boneti kwanza. Ulimpa dereva chai, ukamwambia asimulie safari: umepita wapi, ulisimama wapi, ulibeba nini, nani alikuwa anaendesha. Mi nilikuwa naona unapoteza muda. Ulinambia, "Usiulize gari inaumwa nini. Uliza imetoka wapi." Na mimi miezi yote hii nilikuwa nimeihoji injini mpaka imechoka, njia sikuiuliza. Ningeiulizaje? Kutoka kinuni kwenda mbele mi sijawahi kufika. Mi ni mwanamke wa Kiislamu, nasindikiza, narudi, nangoja gari hapa.

Mazishi hayo yakawa ya mzee mmoja wa Fizi, mshona nguo, Mkristo. Kwao wanawake wanakwenda mpaka kaburini. Nikaenda kwa familia, nikaomba kukaa mbele na Bahati, nikasema ni kwa ajili ya gari. Wakanikubalia, wakanionea huruma hata.

Basi nikaona. Bahati aliweka gia ya kwanza nyumbani kwa marehemu, na hakuitoa. Tukapita kinuni, gia ya kwanza. Tukaanza kupanda kilima, gia ya kwanza, nyuma kumejaa watu, mbele yetu kwaya inatembea na kuimba. Wimbo ukikaribia kwisha wanasimama waumalizie, na sisi tunasimama nao, injini inanguruma, mguu wa Bahati uko juu ya klachi, upepo mdogo uliopo unatoka nyuma. Mbele hakuna hata hewa ya kutikisa jani. Katikati ya kilima nikasikia karanga. Taa ya oili ikaanza kukonyeza.

Nikamwambia Bahati aongeze mwendo, gari lipate upepo. Akaniangalia kama nimemwambia amteme marehemu mate.

"Hapana, Riziki. Kila mutu tunamuzika vile tulimuzika Fundi."

Kumbe. Kikulacho ki nguoni mwako. Siku yako, walipotuacha sisi wanawake kinuni, hakuna aliyemwambia Bahati aongeze mwendo, na yeye angethubutuje? Akakupeleka hivyohivyo, polepole, mpaka kaburini, njia yote. Watu waliona heshima ile, ikawagusa. Mfiwa aliyefuata akaiomba kwa mtu wake. Na aliyefuata. Sasa ukimpeleka maiti kwa gia ya pili wanasema umemtupa. Mazishi ya kambi nzima yamekuwa yako.

Nikainua macho nikaitazama ile feni kwa akili yangu, nikacheka peke yangu mle ndani, Mungu anisamehe, msibani. Ile feni uliitoa kwenye gari dogo kwa sababu ya kwake ilikuwa imevunjika. Ni ndogo mno kwa injini ile. Gari hili haliwezi kupumua likitembea, linapumua likikimbia. Na we ulijua! Miaka yote ukituambia dini, dini, maiti hacheleweshwi, kumbe ni dini na feni. Mzee wewe. Nimeitafuta feni kubwa Mchesi mpaka miguu ikavimba, inayoingia haipo. Hata ingekuwepo, na mwendo ule, kwenye kilima kile, sijui.

Tulipofika juu Bahati akanionyesha kwa kidevu upande wa makaburi ya Waislamu. Akasema lako ni lile karibu na kichaka. Mi niliyebeba vifaa vyako, niliyekufulia mashati ya kazi, nilikuwa sijawahi kuliona. Majani yameota juu. Nilitaka kushuka, lakini miguu haikukubali kuvuka, na watu walikuwa wanashusha jeneza la mzee wao. Nikageuza uso nikakodolea ile taa ya oili. Nililia sana, wakadhani namlilia mshona nguo.

Ugonjwa nimeupata, Fundi. Dawa yake njo ilinishinda. Ningesimama mbele ya nani niseme acheni? Mi nikisema, watasema huyu amerithi gereji na sasa anataka kumvua fundi wake heshima aliyopewa na watu. Mwenyekiti nilipomweleza alielewa, akakuna kichwa, akasema yeye hawezi kuamuru mfiwa atembee vipi, ila akaniongezea mazishi mengine kabla ya kuuza. Alikuwa na haki. Mtu mmoja tu angeweza, na huyo njo niliyekuwa namwogopa kuliko wote. Mama Zaina alikuwa ametoka kwenye eda, ameanza kutoka nje na kusalimia watu. Nimwendee nimwambie nini? Kwamba neno lake la mwisho juu ya mume wake ndilo linaua gari la mume wake?

Nilikwenda. Nilimkuta anatwanga sombe uani. Nikaanza mbali kabisa, nikamweleza rejeta, nikamweleza upepo, gia, mpaka mwenyewe nikapotea. Akaweka mchi pembeni.

"Weye, sema. Nani anaunguza moteri ya bwana yangu?"

Nikasema. Nilisema nikiangalia kinu chake, sikumwangalia usoni. Nilisema ni polepole, Mama. Ni ile polepole yako. Wanamzika kila mtu nayo.

Hakujua. Miezi yote ile alikuwa ndani, misiba ilipita nje ya ukuta wake akaisikia tu ikiimba. Akakaa kwenye kigoda. Nikadhani atanifukuza. Halafu akasema taratibu:

"Lakini mi niliomba mpaka kinu tu."

Akapangusa majani ya sombe mikononi.

"Toka Kindu mpaka hapa, miaka yote, ye alikuwa mbele, mi nyuma na mizigo na batoto, nakimbia. Hakujua kutembea, ule mwanaume. Nilitaka mara moja tu atembee na mi. Kwenye kinu nilimaliza. Pale mulipashwa kumuachia aende."

Nilipiga magoti nikalia kwenye mapaja yake, na ovaroli chafu, kitenge chake kikaharibika. Aliniacha nilie. Halafu akanipa mchi, akasema sombe haijitwangi.

Siku chache baadaye alifariki yule mzee wa Kindu muuza vitenge, unamfahamu, yule mliyekuwa mnagombana naye juu ya kwenda haja njiani mlipokuja huku. Mama Zaina akaenda msibani mapema. Sijui aliwaambia nini akina mama mle chumbani, mi nilibaki nje na gari. Lakini waliwaambia wanaume wao, na mwenyekiti alipofika aliona mambo yamekwisha kupangwa bila yeye, akapanda nyuma.

Tukatembea polepole. Mjane wa muuza vitenge ameshika bodi, Mama Zaina amemshika yeye, na sisi wengine nyuma. Gia ya kwanza, mwendo wa miguu. Ni karibu, Fundi, ni pafupi pale, injini haipati hata muda wa kukasirika. Tukafika kinuni. Mjane akatoa mkono kwenye bodi. Mama Zaina akapiga mlango wa pikapu kwa kiganja mara moja.

"Bahati, mupeleke sasa."

Bahati akanitazama mimi, nikamwonyesha vidole vitatu. Akaenda. Gia ya pili, ya tatu, vumbi likapanda, wanaume wakashika mbao kwa mikono miwili kama zamani, kofia ya mwenyekiti ikaruka ikaangukia kwenye mahindi ya watu. Wanawake tukaangaliana. Mjane mwenyewe njo alianza kucheka, analia na kucheka, anasema hata hivyo mume wake alikuwa na haraka. Sikuwahi kuona msiba wa namna hiyo.

Waliporudi nilivuta kijiti mbele ya kamati nzima. Tone kiganjani. Ilikuwa na joto lake la kawaida, nzito, na haikunuka moto. Nikawapa wanuse. Mwenyekiti, ambaye hajui tofauti ya oili na maji ya chai, alinusa kwa muda mrefu kama daktari, akasema, "Inanuka oili." Basi, hukumu ikawa hiyo. Mtu wa Mchesi ameambiwa atafute gari lingine la kuchinja. Kwaya ya Fizi walinung'unika kidogo. Sasa wanaimba mpaka kinuni, halafu wanakata njia ya mkato, wanawahi kaburini, gari linawakuta wameshapanga sauti.

Sitakudanganya kwamba injini ni ile ile. Imeungua mara nyingi, valvu bado zinagonga kidogo asubuhi, na naogopa metali za shafti, zile beringi za ndani ya injini, zimeliwa. Nitakuwa nabadilisha oili mapema kuliko ulivyokuwa unabadilisha. Itakwenda. Imechoka, lakini itakwenda, hata mi hivyohivyo.

Siku ile tulirudi kutoka kinuni mimi na Mama Zaina, tuko nyuma ya wenzetu. Alikuwa amenishika mkono wangu huu wa grisi. Akasema siku yake ikifika, yeye asitembezwe. Hata hapo mwanzo, asitembezwe. Nimchukue nyumbani kwa gia ya pili, kinuni niwe kwenye ya tatu, nisisimame kwa wimbo wala kwa mtu. Akasema niendeshe mimi, si Bahati. Nikamwambia Mama, sisi wanawake hatuvuki pale. Akasimama katikati ya njia, akanitazama kama nimekuwa mjinga ghafla.

"Na mi siku ile si nitavuka?"

Tukaendelea kutembea.

Basi hii njo ahadi yangu kwako, Fundi, sikiliza wakati unasomewa. Nitaivuka ile njia panda, waseme watakavyosema. Nitakuletea mke wako mwenyewe kwa mkono wangu, mbio, kama ulivyopenda wewe, na vumbi utaliona kabla ya gari. Lakini usimwite. Nakuomba kwa magoti, usimwite mapema. Umekimbia mbele, umefika, sasa kaa ujifunze kungoja. Huku bado tunamhitaji.

Lala salama, baba yangu.

Riziki wa gereji